Ndani ya Mashua Moja na Mama Mkwe

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu karibu na uwanja wa Kinoru, hapa mjini Meru, nashona sare za shule na suti za harusi, na maji kwangu yalikuwa yale ya kunyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba niliwahi kushindana kuvua samaki kwa ndoana siku tatu mfululizo, mvua ikitupiga na upepo ukitusukuma, tena mwenzangu katika mashua akiwa mama mkwe wangu, usimwite mwongo. Nilikuwepo. Mpaka leo nikikumbuka namshukuru Mungu.

Kwanza uelewe mambo ya ukwe kwetu. Mke wangu anatoka Mbeere, huko chini ya Gachoka, kwenye joto na ndengu na mbuzi. Mimi ni mtu wa mlimani, wa chai na ndizi na sweta asubuhi. Tunabishana juu ya mengi, lakini kwa jambo hili watu wa mlimani na wa nyandani tunakubaliana: mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamkai benchi moja. Hamtazamani machoni. Hamli pamoja, wala hampeani mkono. Mkikutana njiani unampisha mbali na kusalimia huku ukitazama majani. Na kubwa kuliko yote, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, hata mvua ya mawe inyeshe. Vijana wa siku hizi wanacheka, lakini nimewaona wakikwepa vilevile. Miaka yote ya ndoa yangu, maneno niliyoongea na mama yule yangeenea kwenye kiganja. Nilijua kikohozi chake kuliko nilivyojua uso wake.

Mama huyo alikuwa mjane, na riziki yake ilikuwa bwawani, lile bwawa kubwa la umeme. Marehemu mumewe alimwachia mashua ya mbao, na yeye na jirani yake, mwanamke mwenzake, walikuwa wakitoka kila asubuhi kuvua, kisha wanauza samaki wao Gachoka. Kwetu Meru wazee walikuwa wakisema samaki ni nyoka wa majini. Mke wangu ndiye aliyenifundisha kumla, na mara ya kwanza nilimla nimefumba macho.

Sasa ile mashua ilikuwa imezeeka. Mbao zake zilikuwa zimeanza kulika, na kamati ya ufuo ilikuwa imetangaza kwamba msimu ukiisha, mashua mbovu hazitaruhusiwa tena majini. Mama hakuwa na uwezo wa kupata nyingine. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na binti yake wa pekee ni huyu mke wangu. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu: bila mashua, angelazimika kuja kukaa kwetu Kinoru. Mke wangu alimwambia hivyo kwa simu, kwa upole wote, na mimi nikiwa kando nikasikia jibu: afadhali alale na mbuzi kuliko kulala kwa mkwe. Alilia aliposema hivyo. Sijawahi kumlaumu. Hata mimi, nikifikiria mama mkwe akipita mbele yangu asubuhi na kanga ya kulalia, kijasho chembamba kilikuwa kinanitoka.

Ndipo yakaja mashindano. Waandalizi walitoka mjini, wakatangaza kwamba yatakuwa ya siku tatu mwezi wa Aprili, mashua ndogo tu, ndoana tu, bila nyavu. Kila jioni samaki wanapimwa kwenye mizani, na siku ya mwisho uzito wote unajumlishwa. Zawadi ya kwanza ilikuwa mashua mpya ya faiba. Mama aliposikia zawadi, alijiandikisha kabla hata ya kusikia masharti, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba kila mashua iwe na watu wawili, si zaidi, si pungufu.

Sisi tulikuwa tumeshuka Mbeere kumsalimia na kumwombea. Jioni ya kuamkia mashindano, yule jirani mwenzake akaanguka na malaria, akawa anatetemeka hata kikombe hawezi kushika. Mama akatafuta mtu mwingine kijiji kizima, akakosa. Kila aliyejua kasia alikuwa tayari na mashua yake. Mke wangu alikuwa mjamzito, tumbo limefika puani. Alikuja akakaa karibu nami kitandani, akaanza kunikuna mgongo, na mimi nikajua nimekwisha.

"Usiniambie," nikasema.

"Nani mwingine yuko?"

"Wewe unajua mimi siwezi hata kumsalimia vizuri. Nitakaaje naye kwenye kitu cha upana wa meza?"

"Basi aje akae kwetu," akasema. "Mtapishana sebuleni."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilitoka nje nikazunguka boma, nikalaumu malaria, nikalaumu waandalizi, nikamlaumu hata baba mkwe wangu kwa kufa. Jambo moja sikulitaja kwa mtu yeyote: mimi sijui kuogelea. Kule mlimani maji yetu ni ya baridi na yanapita haraka, ukiingia unatoka. Mke wangu hajawahi kuniuliza, na mama mkwe angeniulizaje? Mtu haulizi mkwewe mambo ya mwili wake. Nikarudi ndani nikasema sawa, nitaenda.

Asubuhi ya kwanza mvua ilikuwa ya rasharasha, na ufuo umejaa watu waliokuja kutazama. Tatizo likaanza kabla ya kasia kuguswa: tutakaaje? Nikimkalia nyuma, nitakuwa namtazama mgongo kutwa. Akinikalia nyuma, ni yeye ananitazama. Tukazunguka mashua pande zote mbili kama watu waliopoteza sindano. Mwishowe, bila kusemezana, tukaketi tumepeana migongo, yeye akitazama mbele, mimi nikitazama nyuma nilikotoka. Adabu ikatimia. Kisha kila mmoja akavuta kasia lake kuelekea kwake, na mashua ikazunguka pale pale. Ufuo mzima ukacheka. Ilibidi nijifunze kusukuma kasia badala ya kulivuta.

Halafu kulikuwa na lile jaketi. Waandalizi walileta majaketi ya kuelea, lakini washindani walikuwa wengi kuliko walivyotarajia, ikabidi kila mashua ipewe moja. Mimi nililiweka katikati, upande wake, nikimwachia mama mkwe. Yeye akalisukuma kwa kisigino likarudi upande wangu. Nikalisukuma tena. Siku nzima jaketi lile likakaa kati ya migongo yetu, jekundu, limelowa, na hakuna aliyelivaa. Wewe unacheka, lakini ningelichukuaje mbele ya mama wa mke wangu?

Na kuongea, je? Hatukuweza kuitana. Mama alikuwa akiambia hewa. "Mwenye kasia angesukuma kidogo upande wa kulia, tungefika penye kina." Mimi naijibu hewa hiyo hiyo: "Kasia limesikia." Akitaka chambo anasema, "Nyungunyungu wangekuwa karibu ingekuwa vizuri." Nausukuma mkebe kwa nyuma bila kugeuka. Kwa namna hiyo tulivua kutwa, na amini usiamini, tulivua vizuri. Mimi vidole vyangu vimezoea uzi, nilikuwa nafunga ndoana haraka, na mama alikuwa na subira ya kuvuta mshipi polepole. Jioni mizani ilituweka wa tatu. Nilimwona mke wangu ufuoni akifuta machozi na kitambaa cha kichwa.

Siku ya pili upepo uliamka kabla yetu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha huko juu, mito ikaleta maji mekundu, na pamoja na maji, magogo. Mashua kadhaa zilirudi ufuoni mapema, wenyewe wakasema hawakuja duniani kufa kwa ajili ya tilapia. Sisi tulibaki. Mimi nikitazama nyuma, sikuona kilichokuwa kinakuja mbele. Mama aliliona gogo likiwa bado mbali, likielea nusu limezama, likija moja kwa moja kwetu. Mtu mwingine yeyote angepiga kelele, "Gogo! Geuza!" Mama mkwe wangu, kwa heshima aliyolelewa nayo, akaanza: "Kama kuna mtu hapo nyuma, na kama mtu huyo hana kazi nyingi, ingekuwa vyema aelewe kwamba upande huu kuna kitu kinachofanana na..."

Gogo likatugonga hapo hapo.

Nilirushwa chali. Nilijikuta nimelala, kichwa changu kimeegemea mgongo wa mama mkwe, miguu juu, na maji yakiingia kwenye ufa uliopasuka mbele. Hapakuwa na nafasi ya mila. Nikavua shati, nikalikunja, nikalisokomeza kwenye ufa kwa kisigino cha kiatu, kifua wazi, mbele ya mama wa mke wangu. Yeye akafungua leso aliyojifunga kiunoni juu ya rinda, akanipa nayo. Tukachota maji kwa kopo, tukapiga kasia, tukafika ufuoni tumelowa kama vifaranga. Samaki wachache tuliokuwa nao walikuwa bado wamo. Ajabu ni kwamba, kwa kuwa wengi walikuwa wamekimbia mapema, wachache hao walitupandisha tukawa wa pili, nyuma kidogo tu ya ndugu wawili wa upande wa ng'ambo.

Jioni ile, tukiziba ufa kwa bati na lami, mama aliongea. Hakuniangalia, alikuwa akilitazama bati, lakini safari hii hakuongea na hewa.

"Mkwe," akasema. "Heshima imetaka kutuua leo."

"Ndiyo, mama."

"Kesho tutakaa kama wavuvi. Nikiona kitu nitasema. Ukiona kitu, sema. Tukikanyaga ardhi, tunarudi kuwa watu wa kawaida."

Nikasema sawa, na nikahisi mzigo umenishuka mabegani. Nilikuwa sijajua jinsi nilivyochoka kumwogopa mtu ambaye sijawahi kumwona akikosea mtu.

Siku ya tatu nilikaa nyuma yake, sote tukitazama mbele, na mashua ikaenda kama inavyotakiwa. Tukaongea. Asubuhi moja ile niliongea na mama mkwe wangu kuliko miaka yote. Alinieleza mke wangu alivyokuwa mtoto mkaidi, alivyokataa kuachishwa ziwa. Nikamweleza mama yangu mwenyewe alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na kwamba cherehani ninayotumia ilikuwa yake. Akasema, "Kwa hiyo ulijilea." Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia hivyo, na aliniambia akiwa amenipa mgongo, akifunga chambo.

Jaketi lile jekundu lilikuwa bado katikati. Heshima nyingine hazitoki kwa siku moja.

Mchana mbingu ilibadilika. Mawingu yalitoka upande wa kilima cha Kiang'ombe, meusi, yakashuka chini sana, na upepo ukaja ukisukuma maji kwa mikunjo. Firimbi ikalia ufuoni: kila mtu arudi. Wakati huohuo mshipi wa mama ukakaza mkononi mwake, ukaenda, ukaenda, na mbele yetu kambare akageuka juu ya maji. Nimeona mbuzi wadogo kuliko yule samaki. Hatukuhitaji mizani kujua. Kambare yule akiingia ndani ya mashua, mashua mpya ni ya mama, na hatalala kwa mtu maishani mwake.

Lakini fikiria hali yetu. Upepo ulikuwa unatusukuma kuelekea kwenye matete, na kila mtu wa bwawa lile anajua matete yale ni ya viboko. Bati letu lilikuwa limeanza kuachia na maji yanaingia. Kulikuwa na kazi ya kuchota maji, kazi ya kupiga makasia mawili, na kazi ya kumshika kambare, na watu ni wawili. Mshipi haukuweza kufungwa kwenye ubao, maana samaki angegeuza mashua ubavu na wimbi lingetufunika. Mashua ya injini ya waandalizi ilikuwa mbali, ikiwaokota wengine. Nilipiga kasia mpaka mabega yakawaka moto, na matete yakazidi kuja.

"Mama," nikasema, "kata mshipi."

"Sikati."

"Mama, kata!"

"Huyu ndiye mashua yangu. Nikimwachilia yeye nimeachilia nyumba yangu. Wewe piga kasia tu."

Hasira ikanipanda, nikamwambia neno ambalo sikudhani ningewahi kumwambia mama mkwe. Nikamwambia ana kichwa kigumu. Naye hakutikisika.

"Tukipinduka tutaogelea," akasema. "Mimi naweza kuvuka hapa hata nikiwa na mshipi kinywani."

Kasia likanisimama mkononi, na nadhani ni hilo lililomshtua. Aligeuka mwili mzima, mshipi ukimkata viganja, akanitazama usoni. Alikuwa na macho ya mke wangu kabisa, na nilikuwa sijawahi kuyaona.

"Mkwe," akauliza kwa sauti ya chini, "kwani hujui kuogelea?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Hakuuliza zaidi. Hakunigombeza, hakupumua kwa nguvu, hakumtazama kambare kwa mara ya mwisho. Aliokota kisu miguuni pake akakata. Mshipi ukaruka hewani na samaki akaenda zake. Akalichukua jaketi, akanitupia kifuani.

"Vaa."

"Na wewe, mama?"

"Nimesema vaa. Binti yangu hatazaa mtoto asiye na baba kwa sababu ya kambare."

Akashika kasia lake. Tulipiga kasia pamoja, mvua ikituchapa usoni hata ufuo hatuuoni, yeye akihesabu kwa sauti ili tuende sawa, na kati ya hesabu alikuwa akisali kwa Kimbeere. Mimi nilikuwa nalia. Sioni aibu kusema. Maji ya mvua yalinisitiri, lakini nilikuwa nalia kama mtoto, na si kwa woga. Tangu mama yangu afe, hakuna mtu aliyekuwa amenichagua mimi namna ile, haraka hivyo, bila kupiga hesabu.

Tulifika. Ndugu wale wawili walishinda, na walistahili. Sisi tulikuwa wa pili, na unajua zawadi ya pili ilikuwa nini? Majaketi mawili ya kuelea, mapya kabisa. Mama alipokabidhiwa alicheka mpaka akashika mbavu, watu wote wakacheka naye. Kisha akaenda nyuma ya vibanda vya samaki, mke wangu akamfuata, na nikajua hacheki tena. Nilibaki pale nimeshika jaketi la mtu asiye na mashua.

Msimu uliisha. Mashua ya baba mkwe wangu ilipasuliwa kuni. Mtoto wetu alizaliwa salama, wa kike, na mama akaishiwa visingizio. Nilikuwa nimewauliza wazee, wakasema haiwezekani. Nikamuuliza mchungaji, akasema inawezekana lakini niwaulize wazee. Basi nikaacha kuuliza. Nikapaka rangi chumba cha upande wa jua, nikashona pazia, nikashona na mfarishi wa kitanda kwa kitambaa kizuri nilichokuwa nimemwekea bwana harusi mmoja aliyechelewa kulipa.

Mama alifika mchana, na begi moja na kifurushi cha ndengu. Hakuvuka mlango. Alisimama uani, akasema kibanda cha kuni kinamtosha, atafagia mwenyewe, atalala humo, na mjukuu aletewe nje amwone. Majirani walikuwa wamejitokeza milangoni, wengine wanajifanya wanaanika nguo. Mke wangu alikuwa amemshika mkono akimvuta, naye amekaza miguu. Nikatoka kibandani kwangu na utepe wa kupimia shingoni, nikaenda nikachukua begi lake.

"Mkwe," akasema akitazama chini, "watu watasema nini?"

"Waseme, mama. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye mashua."

Aliinua uso, akanitazama kwa muda mrefu, pale pale mbele ya watu wote. Kisha akavua viatu, akaingia ndani, akauliza mtoto amelala wapi.